Fremu za Kariakoo, Nyanya za California: Kweli na Uongo Kuhusu Kuwazuia Wageni

Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake yamo maduka ya jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni atakayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Kariakoo, Dar es Salaam, amri hiyo ilipokewa kwa shangwe. Wafanyabiashara wa pale walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni, hasa kutoka China, wanajaa kwenye fremu za rejareja badala ya kujenga viwanda. Nairobi ilipokewa kwa manung'uniko, kwa sababu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda kufanya kazi na kufungua biashara katika nchi nyingine.

Hoja zilizorushwa huku na huku baada ya hapo zina umri mrefu. Zilisikika California mwaka 1964, Accra 1969, Kampala 1972 na Lagos 1983. Kwa kuwa zilikwisha kutekelezwa, hatulazimiki kukisia. Tunaweza kutazama kilichotokea. Niseme mapema ninaposimama: kilio cha mfanyabiashara mdogo ni cha kweli na hakistahili kubezwa, lakini dawa inayotolewa kwa jina lake mara nyingi haimfikii yeye.

“Mgeni akiondoka, kazi yake inamrudia mzawa na mshahara unapanda”

Si kweli. Na hapa ushahidi ni mzito.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimewachukua vijana wake, Marekani ilianzisha mpango ulioitwa Bracero. Wanaume kutoka Mexico waliingia kwa mikataba ya msimu kuchuma pamba, nyanya, stroberi na mboga, kisha wakarudi kwao. Katika miaka 22 ilisainiwa mikataba zaidi ya milioni 4. Hali yao ya kazi ilikuwa mbaya, na waliowatetea walikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini sababu kubwa iliyotolewa na wanasiasa ilikuwa nyingine: kwamba vibarua hawa wanashusha ujira wa Wamarekani maskini mashambani. Rais John Kennedy mwenyewe aliamini hivyo. Tarehe 31 Desemba 1964 mpango ukafungwa, na karibu kwa mkupuo mmoja mashamba yakapoteza mamia ya maelfu ya mikono.

Wachumi watatu, Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, walizichimbua takwimu za ujira wa miaka ile na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Walilinganisha majimbo yaliyowategemea sana vibarua wa Mexico na yale ambayo hayakuwahi kuwa nao. Kama dai lingekuwa kweli, ujira ungepanda haraka zaidi kule walikoondoka wengi. Haukupanda hivyo. Ulikwenda kwa mwendo uleule kila mahali, na ajira za Wamarekani mashambani hazikuongezeka.

Basi kazi zilikwenda wapi? Tazama nyanya. Katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, wahandisi walikuwa wameshabuni mashine ya kuvuna nyanya, na mtaalamu wa mbegu akazalisha aina yenye ngozi ngumu inayoiva yote kwa pamoja ili ihimili mashine hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakulima wachache sana waliitaka, maana vibarua walikuwepo. Mpango ulipofungwa waliikimbilia, na kufikia mwisho wa muongo ule karibu nyanya zote za kiwandani za California zilikuwa zinavunwa kwa mashine. Kwa mazao yasiyokuwa na mashine, wakulima walipunguza kilimo chenyewe. Kibarua wa Kimarekani aliyeahidiwa nafasi alikuta nafasi haipo.

Watetezi wa vizuizi hupenda kuiruka sehemu hii. Wanafikiri kazi katika nchi zina idadi maalumu, kwamba akitoka mmoja lazima aingie mwingine. Mwajiri hafikiri hivyo. Akikosa wafanyakazi kwa bei anayoimudu, anaweza kununua mashine, kubadilisha zao, kuhamisha mtaji au kufunga kabisa. Kumwajiri mzawa kwa mshahara mkubwa zaidi ni njia mojawapo tu, na aghalabu si ya kwanza. Zaidi ya hayo, mgeni naye anakula, anapanga chumba, ananunua vocha na kupanda bodaboda. Akiondoka anaondoka na matumizi yake, na mama ntilie aliyekuwa akimuuzia chakula hulihisi hilo siku ileile.

“Wageni hawamuumizi mtu yeyote”

Hili nalo si kweli, na wanaolihubiri wanawapoteza watu ambao wangeweza kukubaliana nao.

Mfano bora tunao hapa nyumbani. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara. Warundi walikuwa wametangulia kuja tangu vurugu za mwaka uliopita. Katika Ngara wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliochipuka porini, na miti ya kuni iliyouzunguka ikaisha.

Wachumi Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walifuatilia kaya za Kagera, mkoa ilimo Ngara, kabla na baada ya tukio hilo. Walichokiona hakimpi ushindi kamili mtu yeyote. Mkulima mwenye shamba lake alipata nafuu: vibarua walikuwa wengi na wa bei rahisi, na wanunuzi wa ndizi na maharage walikuwa wameongezeka. Aliyeumia ni kibarua wa Kitanzania, yule asiye na shamba la kutosha, anayeishi kwa kulima mashamba ya wengine. Mkimbizi alikubali ujira mdogo kuliko wake. Na kibarua huyo alipokwenda sokoni, utafiti mwingine unaonyesha, alikuta vyakula ambavyo havikuwemo kwenye mgao wa msaada vimepanda bei sana, kuliko vile vilivyokuwemo.

Kwa hiyo anayesema “wamenishushia ujira” anaweza kuwa anasema kweli tupu, na jirani yake anayesema “wametuletea soko” naye akawa mkweli. Inategemea kila mmoja anauza nini: jasho au mazao. Kuwaambia wote wawili kwamba kwa wastani mkoa ulifaidika ni kumtukana wa kwanza. Jambo la kudai lilikuwa sehemu ya faida ya mkulima na ya mashirika ya misaada imfikie kibarua, kwa kazi za barabara, kwa shule, kwa bei nafuu ya chakula. Barabara zenyewe zilijengwa kwa ajili ya malori ya misaada. Utafiti wa baadaye wa Maystadt na Gilles Duranton ulionyesha kwamba maisha ya kaya zilizokuwa karibu na kambi yaliendelea kuwa bora miaka mingi baada ya wakimbizi kuondoka, hasa kwa sababu ya barabara hizo. Lakini kibarua wa mwaka 1994 hakula barabara ya mwaka 2004.

Kule Marekani ubishi wa aina hii unahusu Miami. Kati ya Aprili na Oktoba 1980 Wacuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel, na nguvukazi ya Miami ikaongezeka kwa asilimia 7 hivi. Mwaka 1990 mchumi David Card, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ujira wa wenye elimu ndogo karibu haukutikisika. Mwaka 2017 mchumi George Borjas akapinga, akisema ujira wa wanaume waliokatiza shule ya sekondari uliporomoka vibaya. Wenzake wakamjibu kwamba kundi alilolipima lilikuwa dogo mno na kwamba muundo wake ulibadilika katikati. Mimi nawaelekea waliomjibu, ila nakubali kwamba swali la Borjas ni sahihi: tusiulize tu wastani, tumuulize aliye chini kabisa.

“Wafukuze wenye maduka, utajiri wao utabaki nchini”

Si kweli. Uganda ililipa bei kubwa sana kuthibitisha hivyo.

Tusianze na Idi Amin, maana tukianza naye tutadhani chuki ile iliota usiku mmoja. Chini ya Waingereza, Mwafrika wa Buganda alilima pamba, lakini kuichambua kiwandani na kuiuza jumla kulikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu, kwa leseni na sheria zilizowekwa na mkoloni. Machafuko ya mwaka 1949 yalibeba dai la wakulima kuruhusiwa kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1959 maduka ya Waasia yalisusiwa kote Buganda. Dhuluma ilikuwepo. Ilitengenezwa na serikali kwa kumzuia mmoja na kumfungulia mwingine, na inafaa kukumbukwa kila tunapofikiria kuiponya kwa kizuizi kingine.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Waasia wana siku 90. Zaidi ya 50,000 waliondoka, wakiruhusiwa kubeba fedha kidogo sana. Waliofukuzwa hawakuwa wenye pasi za Uingereza peke yao. Wapo waliokuwa raia wa Uganda ambao makaratasi yao yalikataliwa kwenye foleni za uhakiki. Maduka, mashamba na viwanda vikagawiwa, sehemu kubwa kwa wanajeshi na watu wao. Wananchi wakawaita mafuta mingi. Bidhaa zilizokuwa rafuni ziliuzwa, fedha zikatumika, na rafu zikabaki tupu, kwa sababu kilichokuwa kinaliendesha duka hakikuwemo ndani ya duka: kilikuwa ni mkopo wa muuzaji wa Mombasa, imani ya miaka 30 na mwagizaji wa Bombay, fundi aliyejua mashine na mhasibu aliyejua nani anadaiwa nini.

Sukari inaonyesha vizuri zaidi. Uganda ilijitosheleza kwa sukari kutoka viwanda vya Kakira vya akina Madhvani na Lugazi vya akina Mehta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka karibu na sifuri, na nchi inayostawisha miwa ikawa inaagiza sukari. Waliopoteza ajira pale Kakira walikuwa maelfu ya Waganda weusi. Magendo yakawa ndiyo uchumi wenyewe. Bei ya kahawa ilipopaa duniani mwaka 1976, kahawa ya Uganda ilimiminika kwa magendo kuvuka mpaka hadi soko la Chepkube upande wa Kenya, kwa kuwa shilingi ya Uganda haikuwa na cha kununua.

Mwaka uleule wa 1972, Halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaonya Waasia wasije: nyumba na shule zimejaa. Walikwenda hivyohivyo, na leo jiji hilo linajivunia biashara walizozijenga. Miaka kumi baada ya tangazo la Amin, Uganda ilipitisha sheria ya kurudisha mali, na Yoweri Museveni alipoingia madarakani akawaalika warudi. Waliorudi ni wachache. Kakira inazalisha sukari tena.

“Kinachomuua mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo ni mgeni”

Kweli nusu. Hapa inabidi kumenya kitunguu tabaka kwa tabaka.

Mgeni mwenye uhusiano na kiwanda cha Guangzhou akiuza rejareja mtaa uleule anaowauzia jumla wateja wake, mchuuzi wa Kitanzania aliyenunua kwake asubuhi hana pa kuponea mchana. Huo ni ushindani usio sawa, na nchi nyingi huweka mpaka hapo. Lakini sehemu kubwa ya bei ya kutupa inatoka kwingine. Anayeuza bila kutoa risiti ya mashine ya EFD ana nafasi ya asilimia 18 ya VAT ya kumzidi anayetoa, na pasi yake ya kusafiria haihusiki. Mzawa anayekwepa kodi anamuumiza mzawa mwenzake kwa kiasi kilekile. Kodi ya pango nayo imepanda kwa sababu mwenye jengo, ambaye ni Mtanzania, amegundua kwamba mgeni analipa kilemba kikubwa na mwaka mzima kwa mkupuo. Amri ya 2025 inalijua hilo, ndiyo maana imemwekea adhabu pia raia atakayemsaidia mgeni kuivunja: faini ya shilingi milioni 5 au miezi mitatu jela. Kila kizuizi dhidi ya mgeni ni kizuizi pia dhidi ya raia fulani aliyetaka kumpangisha, kumwajiri au kumuuzia.

Kipengele ninachokipinga waziwazi ni cha ununuzi wa mazao shambani. Mnunuzi wa Kenya amekuwa akifika Muheza kuchukua machungwa na Mang'ola kuchukua vitunguu. Ukimwondoa shambani, mkulima anabaki na wanunuzi wachache zaidi, nao wanalijua hilo wanapotaja bei. Wanaosema mgeni anawapunja wakulima kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, wanasema kweli, ila lumbesa inashonwa na wanunuzi wa Kitanzania pia, na dawa yake ni mizani. Anayefaidika na kipengele hiki ni dalali. Mkulima, ambaye ni mzawa kuliko sisi wote wa mjini, ndiye anayepunguziwa bei.

Kwa upande wa pili, si haki kudai kwamba upendeleo kwa raia kamwe hauzai ajira. Saudi Arabia, ambako wako Wakenya, Waganda na Watanzania wengi, ilianzisha mwaka 2011 mfumo wa Nitaqat unaozipanga kampuni kwa rangi kulingana na uwiano wa Wasaudi zinaowaajiri. Kampuni ya rangi nyekundu haipati viza mpya. Mchumi Jennifer Peck alipima matokeo: katika miezi 16 Wasaudi wapatao 63,000 zaidi waliajiriwa katika sekta binafsi. Hesabu hiyo ina upande wa pili. Kampuni zipatazo 11,000 zilifungwa. Nchi yenye mafuta inaweza kuamua kwamba biashara hiyo inalipa. Sisi tulinganishe kwanza mifuko yetu na yao.

“Funga mpaka, wageni watapungua”

Si kweli kila mara, na kuna mahali kinyume chake ndicho kilichotokea.

Mwanasosholojia Douglas Massey ametumia miongo kadhaa kufuatilia safari za Wamexico kwenda Marekani. Hadi miaka ya 1980 wengi walikuwa wanaume waliokwenda msimu mmoja na kurudi kwa wake zao. Kisha ulinzi ukakazwa: El Paso mwaka 1993, San Diego mwaka 1994. Kuvuka kukawa kwa gharama na hatari, kupitia jangwa la Arizona na wasafirishaji waliopandisha bei. Aliyefanikiwa kuvuka hakuthubutu kurudi nyumbani akijua atalazimika kulipia upya. Akabaki, akaleta familia. Idadi ya wasio na vibali ilipanda kutoka takriban milioni 3.5 mwaka 1990 hadi milioni 12 na ushee mwaka 2007, katika miaka ileile ambayo bajeti ya walinzi wa mpaka ilikuwa ikiongezeka. Uchumi wa Marekani uliokuwa ukikua kwa kasi ulichangia pia. Lakini ukuta uliotakiwa kuwazuia kuingia ulifanya kazi zaidi katika kuwazuia kutoka.

Kwetu, Waethiopia wanaotaka kufika Afrika Kusini hawana njia halali ya kupita, kwa hiyo hupita kwenye makontena. Juni 2012 miili ya zaidi ya 40 kati yao ilikutwa imetupwa porini mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Hawakuwa wakija kuchukua fremu ya mtu.

“Mkimbizi ni mdomo tu wa kulisha”

Ni kweli pale tu tunapomzuia kuwa kingine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda atakako. Watafiti wa Oxford waliochunguza Kampala waliona kwamba asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa Waganda. Kenya kwa miaka mingi iliwafungia wake kambini. Hata hivyo, Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia (IFC), katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu soko la eneo la kambi ya Kakuma, lilikuta matumizi ya takriban shilingi bilioni 6 za Kenya kwa mwaka, ndani ya Turkana, moja ya kaunti maskini zaidi.

“Tukiwafukuza wa kwao, wa kwetu watakuwa salama”

Si kweli. Novemba 1969 serikali ya Kofi Busia ya Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke. Wengi walikuwa Wanigeria, na mashamba ya kakao yakakosa vibarua. Januari 1983, bei ya mafuta ikiwa imeshuka na uchaguzi ukikaribia, Nigeria nayo ikatoa wiki mbili. Waliotimuliwa wanakadiriwa kufika milioni 2, zaidi ya nusu yao Waghana, na Ghana yenye njaa ya mwaka ule ikapokea umma wa watu barabarani. Uchumi wa Nigeria haukupona. Kabla mwaka haujaisha jeshi lilikuwa limechukua nchi.

Anayeishangilia amri ya kuwaondoa Wakenya Dar es Salaam ana ndugu anayeuza dukani Nairobi, au anamjua mwenye naye. Kenya yenyewe ilipokea kutoka kwa watu wake walio nje zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Fedha hizo zinatumwa na watu ambao, huko waliko, ni wageni.

“Nchi ni nyumba, na mwenye nyumba anachagua wa kumfungulia”

Hili ndilo gumu, na wenye akili timamu wamegawanyika juu yake.

Mwanafalsafa Michael Walzer, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu haki, alitetea uwezo wa jamii kuchagua wanachama wake. Bila hivyo, alisema, jamii haiwezi kulinda namna yake ya kuishi. Mwanafalsafa mwenzake Joseph Carens alimpinga: uraia wa nchi tajiri unafanana na cheo cha ukabaila wa kale, unaupata kwa kuzaliwa na unakuinua maisha yote bila jasho lako. Mchumi Branko Milanovic ameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti ya vipato duniani inaelezwa na nchi anamoishi mtu. Hakuna mtoto aliyechagua azaliwe Bujumbura au Geneva.

Mimi nakubali kwamba nchi ina haki ya kupanga wangapi waingie na lini. Itifaki ya Afrika Mashariki nayo inaruhusu vizuizi kwa sababu za usalama, afya ya umma na sera ya umma. Ila haki hiyo ina masharti mawili ambayo siwezi kuyaachia.

La kwanza ni kutovunja ahadi. Wakati wa uhuru wa Kenya, Uingereza iliwaachia Waasia wengi wa Kenya pasi zake. Walipoanza kuzitumia mwaka 1968, baada ya Kenya kukaza leseni za biashara kwa wasio raia, Bunge la London lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango wale wasio na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Kila mtu alijua maana ya sharti hilo. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba kumbagua mtu hivyo kwa rangi yake kulikuwa ni kumdhalilisha. Itifaki tuliyosaini na majirani zetu nayo ni ahadi. Kama imetushinda, tukae mezani tuibadilishe. Tusiizunguke kwa amri ya wizara.

La pili Walzer mwenyewe alilisisitiza, na wanaomnukuu kutetea mipaka hulisahau: ukishamwingiza mtu afanye kazi, huwezi kumweka miaka na miaka katika daraja la chini. Hilo ndilo kosa la mfumo wa kafala wa Ghuba, ambamo dada yetu wa kazi za ndani hawezi kumwacha mwajiri anayemtesa bila kuonekana mtoro. Qatar ilirekebisha sehemu ya sheria hiyo mwaka 2020 baada ya kelele za dunia nzima, nasi tulishiriki kuzipiga.

Tanzania imewahi kulifanya hili vizuri kuliko karibu nchi yoyote. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha na kulipa kodi. Serikali ilikubali kuwapa uraia, ikasita miaka kadhaa kutoa vyeti, kisha mwaka 2014 ikaanza kuvigawa kwa watu wapatao 162,000. Chini ya amri ya 2025, mmoja wao anaweza kufungua saluni Mpanda au kununua mahindi shambani bila kumuuliza mtu. Mrundi aliyekimbia machafuko ya 2015 na kupelekwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, seuze kufungua genge barabarani. Wamekimbia nchi ileile, kwa hofu ileile, na wamefika nchi ileile. Wabunge wa Kigoma wanayo nafasi ya kuiuliza serikali kwa nini wa pili asipewe hata kibali cha kulima na kuuza, ili ajilishe kama wa kwanza alivyojilisha.